Kiti kimoja cha baraza la lugha kije huku kwenye dhahabu

Najua nimepotea hewani. UE ilitubana, na bumu nalo limekuja kama mvua za Shinyanga, matone mawili halafu jua. Leo naziweka pembeni story za chuo. Nataka kuongelea kitu ambacho tumekibishania hapa Kizumbi mpaka wali ukaungua jikoni: nani anapaswa kukaa kwenye baraza la serikali linalosimamia na kushauri mambo ya lugha?

Baraza lenyewe mnalijua, ni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Lilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Kazi yake ni kukikuza Kiswahili, kusanifu maneno mapya, kuhakiki tafsiri na kushauri matumizi sahihi ya lugha. Mwaka 2015 lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili, ile nene ambayo pale maktaba ukiichelewa huipati. Wajumbe wake hawapigiwi kura, wanateuliwa na serikali. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Majina yakitangazwa, sisi wananchi tunayasoma kama matokeo ya mechi ambayo hatukujua kama ilikuwa inachezwa.

Nasema msimamo wangu mapema. Baraza la lugha linahitaji maprofesa, waandishi na wahariri, sina ugomvi nao. Lakini linahitaji pia angalau kiti kimoja, kilichoandikwa kwenye sheria, cha mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuifikisha lugha kwa asiyeielewa. Namaanisha nesi wa zahanati ya kijijini, karani wa mahakama ya mwanzo, mtendaji wa kijiji, mkalimani wa lugha ya alama. Na kiti hicho kianze na mtu wa huku kwetu, Shinyanga au Geita. Nitaeleza kwa nini.

Kuna vitu viwili tunavichanganya: lugha kukua na lugha kufika. Kukua ni kupata maneno mapya, kamusi, vitabu, heshima duniani. Hapo tumesonga sana. Novemba 2021 UNESCO waliipitisha Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na sote tulifurahi. Kufika ni kitu kingine. Ni pale ujumbe unapotoka kwa mwenye mamlaka, iwe mahakama, hospitali, mgodi au halmashauri, ukamfikia mama wa Nyarugusu akauelewa na akaweza kujibu. Kukua tunakupima kwa kuhesabu maneno mapya na kurasa za kamusi. Kufika tutakupima kwa kitu gani, na nani pale mezani kazi yake ni kuuliza hilo swali?

Chukueni neno makinikia. Mpaka mwanzoni mwa 2017 ukiuliza mtu wa Kahama kuhusu yale makontena yanayotoka Bulyanhulu na Buzwagi, anakwambia ni mchanga. Mchanga wa dhahabu, basi. Ukisikia mchanga unafikiria ule wa kujengea, na mchanga ukisafirishwa nani atauliza? Machi 2017 serikali ikazuia usafirishaji, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Mruma ikaleta ripoti Mei, ya Profesa Osoro ikafuata Juni. Ndani ya wiki chache bodaboda wa Kahama mjini alikuwa anasema "makinikia" bila kigugumizi, na anajua kwamba ndani yake kuna dhahabu, shaba na fedha. Jina sahihi lilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kuuliza swali sahihi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wananchi hawapendi maneno ya wataalamu. Wanayapenda sana, ili mradi yafike wakati yanahitajika, na yaje na maelezo.

Sasa chukueni neno la upande wa pili, magwangala. Hili halikutoka kwenye kamati. Ni neno la Geita, la yale mawe ambayo mgodi mkubwa unayaona ni taka, lakini mchimbaji mdogo anajua yana chochote ndani. Watu wa Geita waliyapigia kelele miaka na miaka, mpaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wananchi wapewe magwangala. Neno la mtaani likaingia kwenye agizo la Rais. Na hayo ni maneno mawili tu. Huku kuna lugha nzima ya uchimbaji: duara, mwalo, karasha, marudio, kuchenjua. Mwalimu wa hisabati akisema "chora duara", mtoto wa Rwamgasa anakumbuka shimo ambalo baba yake ameshuka tangu alfajiri. Watu wanaoitumia lugha hii ni wengi mno kuita maneno yao ya kihuni. Kwa Sensa ya 2022, mikoa ya Geita na Shinyanga peke yake ina watu zaidi ya milioni 5. Baraza likikaa kutafuta istilahi za madini, nani pale mezani atasema "subirini kidogo, hiyo kitu tayari ina jina"?

Haya, twende kwenye yale yanayouma.

Bibi mzaa mama anaishi kijijini, upande wa Bukombe. Kisukuma ndiyo lugha yake. Kiswahili anakielewa cha salamu na cha sokoni, zaidi ya hapo anakusindikiza kwa tabasamu. Miaka kadhaa iliyopita alipelekwa kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Aliyemsindikiza ni binamu yangu, darasa la tano, na huyo ndiye aliyekuwa mkalimani. Mtoa dawa akaeleza vizuri tu, kwa Kiswahili safi: kutwa mara mbili, baada ya chakula, akiona dalili za mzio aache dawa na arudi haraka. Mtoto akafikisha ile ya mara mbili na ile ya chakula. "Mzio" alikuwa hajawahi kulisikia, akaliruka. Bibi akavimba midomo na mwili ukatoka vipele, naye akaendelea kumeza kwa uaminifu, kwa sababu aliambiwa ameze. Siku ya nne ndipo mjomba akafika akamrudisha. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini hebu niambieni kosa lilikuwa la nani. Mtoa dawa alisema. Mtoto alijitahidi. Bibi alitii. Neno lenyewe ni Kiswahili fasaha kabisa, limo kwenye kamusi. Lugha ilikuwa imekua vizuri tu, ila haikufika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na pa kulipeleka hilo jambo. Ungeshtaki nini? Hakuna fomu inayosema "hatukuelewana".

Twendeni mahakamani. Februari 1, 2021, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli, mtoto wa Chato, alimsifia Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Na shauri lenyewe lilihusu mgodi wa dhahabu, North Mara. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mahakama ya mwanzo ilikuwa inaendeshwa kwa Kiswahili, lakini ukipanda juu unakutana na Kiingereza. Mtu ameshinda au ameshindwa, hajui kwa nini mpaka amlipe mtu amsomee. Hayo yalikuwa mapinduzi, na mimi nayaheshimu.

Lakini jaribuni kumsomea mzee wa Masumbwe maneno haya: mrufani, mrufaniwa, mjibu maombi, kiapo kinzani. Yote ni Kiswahili. Mimi niko mwaka wa pili na yalinichukua muda. Tumeitoa hukumu kwenye Kiingereza, sasa tunahitaji mtu wa kuifikisha kutoka kwenye Kiswahili cha mawakili mpaka kwenye Kiswahili cha mtu. Nani anafanya kazi hiyo leo? Karani. Mzee anatoka nje ya chumba cha mahakama, anamsubiri karani chini ya mti, anamuuliza, "mwanangu, wamesemaje?" Karani anaeleza kwa dakika mbili, kwa Kisukuma kilichochanganyika, bila malipo na bila mtu wa kuhakiki kama ameeleza sawasawa.

Fidia ndiyo kabisa. Ukikaa jirani na mgodi, siku mthamini atakuja shambani kwako na makaratasi. Humo kuna thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri, faida iliyopotea. Kila neno hapo ni hela. Asiyejua kwamba posho ya usumbufu ni stahili yake, hata ikikosekana hataiuliza. Anaweka dole gumba, anashukuru, anaondoka. Miaka miwili baadaye anaelezwa na jirani, na ugomvi unaanza wakati karatasi ilishasainiwa. Wanasiasa wanasema wananchi wa migodini ni wakorofi. Wengine ni wakorofi kweli, siwatetei. Lakini sehemu ya ugomvi ule ulianzia kwenye maneno ambayo hayakufika siku ya kwanza.

Na mgodini kwenyewe sasa hivi tuko na Wachina, Wahindi, Wakongo, Warundi, wote kwenye shimo moja. Januari 2017 pale Nyarugusu, mgodi wa RZ, wachimbaji 15 walifukiwa, mmoja wao raia wa China, wakaokolewa wote wakiwa hai baada ya siku kama tatu. Nilipokuwa naifikiria ile habari, swali langu lilikuwa dogo: mule gizani walikuwa wanaongea lugha gani? Kwenye mitambo ya kuchenjua utakuta msimamizi na vijana wake wanaelewana kwa vidole na maneno kumi. Maneno kumi yanatosha kusema "beba" na "weka hapa". Hayatoshi kueleza sayanidi inafanya nini ikiingia kwenye kidonda, au kwa nini zebaki usiichome karibu na mahali mtoto amelala.

Sijawasahau viziwi. Hapa Shinyanga tuna shule ya Buhangija, ambako watoto viziwi, wasioona na wenye ualbino wanasoma. Wale wanaotumia lugha ya alama wakimaliza shule wanakwenda wapi na lugha yao? Hospitali ngapi za huku zina mtu wa alama? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ilianzisha Baraza la Taifa la Ushauri kwa ajili yao, na kanuni yake ni kwamba wahusika wenyewe wawemo mezani. Hakuna aliyesema huo ni upendeleo. Ilionekana ni akili ya kawaida: anayevaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana. Kama kanuni hiyo inafaa kule, kwa nini isifae kwenye lugha?

Sasa nijibu waliokuwa wananipinga chumbani.

Wa kwanza ni mtani wangu wa Tanga, ambaye anaamini Kiswahili ni mali ya ukoo wao. Akasema, "Wewe Msukuma unataka kuturudishia ukabila. Nchi hii imeshikana kwa sababu ya Kiswahili." Nikamwambia mtani, mimi Kiswahili ndicho ninachoandikia hapa, na kinanilisha. Sijaomba Kisukuma kiwe lugha ya Bunge. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, lugha kama 150, hatuwezi kuziweka zote kwenye fomu. Ninachoomba ni vitu viwili. Kwanza, Kiswahili cha serikali kiandikwe kwa namna ambayo mtu wa darasa la saba anakielewa. Pili, pale ambapo mtu hakielewi kabisa, awepo mkalimani mwenye mafunzo, mtoto wa darasa la tano abaki shuleni. Bibi yangu akieleweshwa dawa kwa Kisukuma, umoja wa kitaifa utapungua wapi? Kinyume chake, bibi ataona serikali ni yake.

Wa pili akasema lugha ni taaluma, huwezi kumweka nesi akabishane na wanaisimu kuhusu viambishi. Sawa. Nesi hatabishana kuhusu viambishi. Atasema tu, "neno hili wagonjwa wangu hawalielewi, wao wanasema hivi." Mwanaisimu mzuri atalichukua hilo kwa mikono miwili, kwa sababu hiyo ni data ambayo angeomba ufadhili kwenda kuitafuta.

Wa tatu ndiye aliyenipa shida. Akasema, "Hata wakiteuliwa hao unaowataka, baraza ni la kushauri tu. Watakula posho watarudi." Hapa ana hoja. Afrika Kusini walifanya karibu na ninachosema: bodi yao ya lugha, PanSALB, iliundwa kwa sheria ya 1995, sheria inataka ndani yake wawemo watu wa ukalimani na tafsiri, na wananchi wanaalikwa kupendekeza majina. Ni utaratibu mzuri. Lakini mwaka 2012 waziri wao aliivunja bodi ile. Kwa hiyo uteuzi mzuri peke yake hautoshi, nakubali. Ila uteuzi mbaya unatosha kabisa kuua kazi kabla haijaanza. Mtu wa kiti ninachokisema, hata akishauri tu, atashauri kuhusu kitu ambacho wengine hawakujua kipo.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na naomba wadau wenye namba za waheshimiwa mlifikishe.

Moja, kabla ya kuteua wajumbe, serikali itangaze nafasi na wananchi wapendekeze majina, kupitia halmashauri, redio za mikoani na vyama vya watu wenye ulemavu. Majina yabandikwe mpaka ofisi za kata, watu wayaone.

Mbili, sheria itaje viti kwa kazi. Ikishasema "mmoja awe mtoa huduma anayekalimani kwa wananchi vijijini" na "mmoja awe mtumiaji wa lugha ya alama", waziri yeyote atakayekuja itabidi awatafute. Tukiacha ibaki hisani, akibadilika waziri, kiti nacho kinapotea.

Tatu, angalau kikao kimoja kwa mwaka kifanyike nje ya miji mikubwa. Waje Katoro siku ya soko. Wachukue fomu moja tu ya fidia, wawasomee watu kumi, halafu wawaulize wameelewa nini. Majibu yale yachapishwe kama yalivyo. Ninaamini hiyo asubuhi moja itawafundisha zaidi ya kongamano la siku tatu lenye mabegi na kalamu.

Mnaweza kuniuliza kwa nini nang'ang'ania dhahabu, wakati hata Lindi na Katavi wapo wasioelewa makaratasi. Ni kweli, na wao wapewe. Lakini huku makosa ya lugha yana bei kubwa zaidi. Huku neno moja likipotea linaondoka na shamba, au na mapafu ya kijana, au na haki ya kijiji kwenye mpango wa huduma za jamii ambao mgodi unatakiwa kukubaliana na halmashauri kila mwaka tangu sheria ilivyobadilishwa 2017. Mpango huo ni wa wananchi. Nendeni Kakola mkawaulize wangapi wameusoma.

Mimi ni mwanafunzi tu, sina mtu wizarani. Lakini najua orodha nyingine ya wajumbe itakuja, kwa sababu mabaraza huisha muda na mapya huundwa. Ikija, msisome majina tu. Angalieni kama kuna mtu mmoja pale ambaye wiki iliyopita alimweleza mtu mwingine jambo zito, kwa lugha aliyoielewa. Kama hayupo, pigeni kelele kama watu wa Geita walivyoyapigia magwangala, maana yale yalionekana mawe tu.

Nawasilisha. Wa Tanga najua mtakuja na mapanga, karibuni, ila mje na hoja. Mwangaluka kwa wote mtakaosoma hii asubuhi.